Mifupa ya dinosauri au maporomoko ya Lofoi: safari ipi inamfaa mtu wa Lubumbashi?

Ukitoka Lubumbashi ukitafuta paki moja yenye mifupa ya dinosauri na mandhari ya kupendeza, hutaipata. Mandhari yako karibu, mifupa iko mbali, na ile sehemu yenye mifupa mingi kuliko zote ndiyo yenye vichache vya kuonyesha. Hapa tunalinganisha safari nne: Kundelungu hapa hapa Haut-Katanga, Karonga pamoja na Nyika nchini Malawi, Tendaguru kusini mwa Tanzania, na Luangwa nchini Zambia.

Tuanze na mawe, maana ndiyo yanayoamua. Mwamba wa Kundelungu uliwekwa tabaka juu ya tabaka zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakati nchi kavu haijakanyagwa na mnyama yeyote mwenye mfupa. Dinosauri walitokea miaka milioni 230 hivi iliyopita na wakatoweka milioni 66 iliyopita. Ukichimba Kundelungu huelekei kwao, unazidi kuwaacha nyuma, na tabaka za shaba za Katanga ni za zamani zaidi bado. Kwa hiyo anayekuuzia "jino la dinosauri" lililotoka Likasi anakuuzia jiwe. Mfupa uliogeuka jiwe mara nyingi huwa na vitundu vidogo ndani kama sifongo, na ukiugusa kwa ncha ya ulimi hunata kidogo. Mawe mengi ya kawaida hayanati. Kipimo hicho si cha maabara, lakini kinaokoa pesa.

Karonga na Nyika: ndiyo inayokaribia ulichotaka

Karonga ni mji wa kaskazini mwa Malawi, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, kilomita 45 hivi kutoka mpaka wa Songwe, unaotenganisha Malawi na Tanzania. Vilima vilivyo upande wa magharibi wa ziwa vina mawe mekundu ya mchanga ambayo wanajiolojia huyaita Tabaka za Dinosauri, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 100. Humo ndimo ilimotoka mifupa ya mnyama wa shingo ndefu aliyepewa jina mwaka 1928 na kubadilishwa jina mwaka 1993 kuwa *Malawisaurus*. Makadirio ya urefu wake, kutoka pua hadi ncha ya mkia, ni kati ya mita 11 na 16. Wataalamu walimpenda kwa sababu mbili: sehemu za fuvu lake zilipatikana, jambo la nadra kwa dinosauri wa shingo ndefu kwani fuvu lao ni jepesi na huvunjika mapema; pia ngozi yake ilikuwa na vipande vya mfupa.

Mjini kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2004. Ndani umesimama mfano wa kiunzi chake kizima. Tunasema mfano, yaani nakala iliyomiminwa, na ni vema mtoto aambiwe hivyo kabla ya kuingia. Maonyesho yenyewe yamepangwa chini ya kichwa "Kutoka dinosauri hadi demokrasia": unaanza na mawe, unapita kwa binadamu wa kale, unaishia kwenye siasa za Malawi. Tenga saa mbili, au tatu ukisoma kila bango.

Wengi hukosea hapo kwenye binadamu wa kale. Wakisikia "Malema" wanakodi gari mbio wakidhani ndiko kwenye dinosauri. Malema ni eneo la mababu wa binadamu, kama ilivyo Uraha, ambako taya lenye umri wa miaka milioni 2.4 hivi lilipatikana mwaka 1991. Eneo la *Malawisaurus* linaitwa Mwakasyunguti. Ukifika makumbusho taja jina hilo, omba mwelekezi wa huko, na mpatane mapema nani analipia mafuta ya gari. Huko porini usitarajie kiunzi kilicholala kikikungoja. Mashimo ya wachimbaji hufukiwa ili mvua isiharibu mifupa iliyobaki, kwa hiyo utaona rangi ya udongo, mteremko, labda vipande. Ukiviona, viache. Malawi ina sheria ya mambo ya kale, na kipande mfukoni kinaweza kukufikisha kituo cha polisi badala ya mpakani.

Mtu mzima asiyefuatilia sana sayansi atatosheka na makumbusho peke yake. Kinachoipa Karonga uzito kwenye mizani hii ni kile kilicho jirani yake.

Kusini ya mji barabara inafuata ziwa hadi Chiweta, kisha inapanda ukuta wa bonde la ufa kwa kona kali. Kabla ya kupanda kuna njia nyingine, yenye kona 20 za kujikunja, ya kwenda Livingstonia, misheni iliyojengwa mwaka 1894. Usiijaribu kwa gari dogo, wala wakati wa mvua kwa gari lolote usilolijua. Karibu na misheni kuna maporomoko ya Manchewe, mita 125 hivi.

Nyika ndiyo shabaha. Ni hifadhi kubwa kuliko zote za Malawi, zaidi ya kilomita za mraba 3,000, na ilitangazwa mwaka 1965. Ni uwanda wa nyasi juu ya mlima: vilima vya mviringo vinavyofuatana mpaka jicho lichoke, pundamilia, pofu, korongo (swala mkubwa, si ndege), na misitu midogo iliyojificha mabondeni. Kambi ya Chelinda iko kwenye mita 2,300 hivi. Mtu wa Lubumbashi amezoea mita 1,200 na baridi ya Juni anayodhani anaijua. Chelinda mwezi Juni na Julai usiku kuna sakitu juu ya nyasi. Beba koti zito na soksi za sufu. Blanketi ya basi haitoshi. Anayetaka maua, hasa okidi, aende Januari hadi Machi, akijua kwamba wakati huo barabara ni matope na ukungu unaweza kufunika uwanda asubuhi nzima. Anayetaka wanyama na njia kavu aende kati ya Mei na Oktoba.

Kutoka Rumphi mpaka Chelinda ni kilomita 110 hivi kupitia geti la Thazima, nusu yake ndani ya hifadhi. Basi za abiria hazifiki kambini. Hapa ndipo safari ya bei nafuu inapovunjika: watu wanafika Rumphi kwa pesa kidogo, halafu kukodi gari la kwenda juu kunagharimu kuliko nauli yote kutoka Lubumbashi. Kusanyikeni watu wanne au watano, au mje na jipu yenu.

Njia ya kwenda Karonga

Ni kilomita 1,400 na kitu kwa njia moja: Lubumbashi, Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi, kisha barabara kuu ya kaskazini kupitia Serenje na Mpika hadi Nakonde. Hapo unavuka kuingia Tunduma, Tanzania, unapita Mbeya, unashuka Tukuyu katikati ya migomba na chai, unafika Kasumulu na kuvuka mto Songwe. Kwa basi weka siku tatu za kwenda na tatu za kurudi. Anayekuambia mbili amehesabu kilomita, hakuhesabu foleni ya malori ya Kasumbalesa na Tunduma.

Kuna njia ya pili inayoruka Tanzania kabisa: kutoka Nakonde kuelekea Chitipa, halafu Karonga. Kutoka Chitipa kuna lami, kilomita 100 hivi. Sehemu ya kutoka Nakonde ndiyo ya kuulizia kwa madereva siku hiyo hiyo, hasa kama mvua imenyesha. Faida yake ni muhuri mmoja wa mpaka badala ya miwili. Hasara ni kwamba ukikwama huko, magari ya kukuokoa ni machache.

Mambo madogo yanayowaharibia watu safari hii:

Saa. Lubumbashi, Zambia na Malawi zina saa moja. Tanzania iko mbele kwa saa nzima. Ukivuka Tunduma unapoteza saa, ukivuka Songwe unarudishiwa. Dereva wa basi anayesema "saa kumi na mbili" muulize: ya upande upi?

Pesa. Zambia na Malawi zote huita pesa yao kwacha, lakini ni pesa mbili tofauti na thamani haifanani hata kidogo. Kwacha ya Zambia badilisha yote Nakonde. Ukifika nayo Karonga utapata bei ya huruma. Dola ziwe safi: iliyochanika pembeni au kuandikwa kalamu itakataliwa, kama inavyokataliwa hapa kwetu.

Usukani. Nchi zote tatu gari hupita kushoto. Hatari haiko barabara kuu ambako malori yanakukumbusha. Iko asubuhi, unapotoka kwenye kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu na mkono unakwenda kulia wenyewe.

Mafuta. Miaka ya karibuni Malawi imepata uhaba wa mafuta mara kwa mara. Jaza tangi upande wa Tanzania kabla ya kuvuka Songwe, na mazutu uiite dizeli, usije ukaangaliwa tu.

Lugha si tatizo. Copperbelt, mkoa wa shaba wa Zambia, wanasema Kibemba, ambacho Lubumbashi nyumba nyingi zinakisikia. Tunduma hadi Kyela ni Kiswahili, na Karonga, kwa kuwa jirani na Tanzania, wafanyabiashara wengi wanakielewa.

Kundelungu: hakuna mfupa, kuna Lofoi

Kwa siku tatu au nne, na bila paspoti, hakuna cha kuishinda. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1970, ina kilomita za mraba 7,600 hivi, na kutoka mjini ni chini ya kilomita 200. Umbali huo usikudanganye. Barabara ndiyo inayoamua kama ni safari ya saa sita au ya siku mbili.

Maporomoko ya Lofoi yanaanguka mita 340 hivi bila kugusa mwamba njiani, na ni miongoni mwa marefu zaidi Afrika. Manchewe ya Malawi ingeingia humo karibu mara tatu. Lakini Lofoi ina tabia ambayo picha haziisemi: maji yake yanapungua sana. Mto unatoka juu ya uwanda wenyewe, na uwanda hauna ziwa wala theluji ya kuulisha wakati wa kiangazi. Mwezi wa tisa na wa kumi unaweza kukuta uzi mwembamba unaopeperushwa na upepo kabla ya kufika chini. Mwezi wa pili na wa tatu maji yananguruma, ila hufiki kuyaona kwa sababu jipu limezama mpaka ekseli. Dirisha zuri ni Mei na Juni: mvua imekoma, njia inakauka, mto bado una nguvu, na nyasi hazijachomwa.

Amua mapema kama unataka kuyaona kutoka juu au kutoka chini. Ni safari mbili. Juu, kwenye ukingo, ndiko gari linakofika karibu na ndiko familia zinakoenda. Kushuka mpaka kwenye bonde ni kazi ya miguu ya saa kadhaa, na kurudi ni kupanda huku jua likiwa mgongoni. Usishuke baada ya saa nne asubuhi, wala bila mlinzi wa hifadhi. Ukingoni hakuna ua wa kuzuia mtu. Mawe yenye ukungu huteleza kama sabuni, na mtoto ashikwe mkono muda wote.

Kwa jipu la mazutu piga hesabu ya lita 15 kwa kilomita 100 kwenye njia mbovu. Kilomita 400 za kwenda na kurudi ni lita 60. Ongeza 20 za akiba ndani ya bidoni. Magurudumu ya akiba yawe mawili, koleo, kamba ya kuvutia, na mbao mbili za kuweka chini ya gurudumu. Chakula chote kitoke mjini: unga wa bukari, samaki mkavu, mafuta, chumvi, makala ya kupikia, na maji lita 5 kwa mtu kwa siku ukihesabu kupika na kunawa. Kabla ya yote pita ofisi ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi za Kongo, hapa Lubumbashi: hapo ndipo unalipia kuingia, unapata mlinzi, na unaambiwa hali ya usalama ya wiki hiyo. Makundi yenye silaha yamewahi kusumbua maeneo ya hifadhi hizi, na habari ya mwaka jana haikusaidii. Wakikwambia usiende, safari imekwisha. Usitafute dereva jasiri.

Upemba, jirani yake wa kaskazini magharibi, ni ya mwaka 1939 na ni kubwa zaidi, kilomita za mraba 11,000 na zaidi. Pundamilia wa mwisho wa Kongo wako huko. Kwa mgeni wa siku chache ni mbali na ngumu, kwa hiyo hatuiweki kwenye mizani hii.

Tendaguru: jina kubwa, kilima kitupu

Watu wa vitabu wataikasirikia kauli hii, lakini kama hujafika Lindi kwa jambo lingine, usifunge safari kwa ajili ya Tendaguru.

Sifa yake ni ya kweli. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler aliona mifupa mikubwa ikichungulia ardhini karibu na kilima hicho, kilomita 60 hivi kutoka Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba kwa mikono ya mamia ya wafanyakazi wa huko, wakisimamiwa uwanjani na watu kama Boheti bin Amrani, ambaye kazi yake ya kutambua na kusafisha mifupa haikutajwa inavyostahili kwa muda mrefu. Zaidi ya tani 200 zilibebwa kichwani na mabegani mwa wapagazi hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, katika nchi iliyokuwa imetoka kwenye vita vya Maji Maji juzi tu. *Giraffatitan* aliyetoka humo amesimama Berlin, urefu wa kwenda juu mita 13.27. Ni dinosauri wa miaka milioni 150 hivi iliyopita.

Ndiyo maana kilima ni kitupu: kilichokuwa cha kuonyesha kiko Berlin. Utakachokuta ni msitu, mahandaki yaliyoota miti, na njia inayokatika wakati wa mvua. Unahitaji gari lenye nguvu, kibali cha mamlaka za mambo ya kale, mwelekezi wa kijiji, na moyo wa mwanahistoria. Kwa mwanahistoria ni mahali pazito sana. Kwa mtoto wa miaka tisa aliyeahidiwa dinosauri ni kilio.

Kama uko Dar es Salaam tayari, iunganishe na Kilwa, ambako magofu ya Kilwa Kisiwani yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Ni barabara ile ile ya kusini, na hapo angalau macho yatashiba.

Kwa wenye ndugu Ubelgiji, kuna jambo linalofaa mji wa wachimba madini. Mwaka 1878 wachimba makaa ya mawe wa Bernissart walitoboa handaki kwenye kina cha mita 322 wakakuta mifupa ya dinosauri aitwaye iguanodoni, karibu wanyama 30. Viunzi vyao, mifupa halisi, viko kwenye makumbusho ya sayansi ya asili mjini Brussels. Ukienda kumwona dada yako, siku moja inatosha.

Luangwa, kwa ufupi

Bonde la Luangwa lina visukuku vingi, ila vingi ni vya wanyama waliowatangulia dinosauri, na wachimbaji huvipeleka makumbusho na maabara. Mgeni haonyeshwi. Ingia hifadhi ya Luangwa Kusini kwa ajili ya tembo, chui na twiga wa Thornicroft, ambaye hapatikani kwingine, na kwa safari za kutembea kwa miguu zilizoanzia huko. Kupitia Lusaka na Chipata njia ni ya lami karibu yote. Njia ya mkato kutoka upande wa Mpika, inayoshuka ukuta wa bonde, ni ya kiangazi na ya jipu tu.

Basi uchague vipi?

Mwenye siku nne na watoto: Lofoi, mwezi wa tano au wa sita. Mwenye siku kumi hadi kumi na mbili na hamu ya dinosauri kweli: Karonga siku moja, Nyika siku tatu, zilizobaki ni za barabarani. Akiwa na siku nane asijidanganye. Atakuwa amelipa nauli ya kuona mipaka. Mwenye pesa ya gari la kukodi lakini asiyejali mifupa atafurahi zaidi Luangwa. Mwalimu anayepeleka wanafunzi tunamshauri Karonga hata kama Nyika itawashinda kwa gharama, maana makumbusho yanafundisha na mji una nyumba za wageni za bei ya chini. Karonga iko chini, mita 500 hivi, joto na mbu: chandarua ni lazima.

Safari yoyote ya nje inaanzia kwenye karatasi. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano itaulizwa kwa yeyote anayetoka Kongo. Chanjo ianze kufanya kazi inahitaji siku 10, kwa hiyo aliyechanjwa juzi atarudishwa. Tangu 2016 kadi moja ni ya maisha yote, usikubali kuambiwa imekwisha muda. Mambo ya viza uliza kwenye konseli ya Zambia hapa Lubumbashi, na ukipitia Mbeya uliza ya Tanzania pia, hata kama unapita tu. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe kibali cha mwingine kilichothibitishwa, na cheti cha kuzaliwa. Piga nakala mbili za kila karatasi: moja ikae kwenye begi la nguo, ya pili kwa mtu aliyebaki nyumbani mwenye simu isiyozimwa.